Kabla SACCOS yenu haijasaini: mwongozo kamili wa kupima athari za akili mnemba kwa watu na kwa mazingira

Kijana aliyetuletea programu alifika ofisini kwa SACCOS yetu, chama cha akiba na mikopo, kabla ya wajumbe wenyewe. Akawasha projekta, akatuonyesha ukutani duara la kijani na duara jekundu. Mwanachama akiomba mkopo, mashine inasoma miamala yake ya simu, inampa alama, kisha duara linawaka: kijani apewe, jekundu asipewe. Sekunde nane tu. Kamati yetu ya mikopo hukaa mchana mzima kila Alhamisi mpaka soda zinaisha, kwa hiyo wajumbe walichangamka kweli.

Mzee mmoja, mkulima wa mpunga, akanyoosha mkono. "Mwanangu, mimi Februari huwa sina hata mia kwenye simu. Hilo duara langu litakuwa la rangi gani?" Kijana akacheka kwa adabu, akasema, "Usijali mzee wangu, mfumo una akili, utaelewa." Jibu likaishia hapo.

Mimi nilikuwa katibu wa kikao hicho, na niliyoyaandika hapa ni kazi tuliyoifanya miezi mitatu iliyofuata, tukiuliza hilo swali la mzee kwa njia nyingine kumi. Sisi si wahandisi. Tuko bonde la Kilombero, na wanachama wetu ni wakulima, mama lishe, bodaboda na walimu wachache. Utaratibu huu unafaa pia kwa zahanati, shule, AMCOS (ushirika wa mazao) au halmashauri inayoletewa akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Unahitaji watu watatu au wanne, daftari, kabati la mafaili ya zamani na ruhusa ya bodi kuchelewesha mkataba. Hiyo ruhusa ndiyo ngumu kuliko vyote.

1. Andika uamuzi wenyewe

Chukua karatasi. Usiandike "mradi wa akili mnemba". Andika nani anaamua nini leo, juu ya nani, na kwa muda gani. Ya kwetu ilisomeka hivi: "Watu saba huamua kila Alhamisi nani apate mkopo, na mwombaji husubiri wiki mbili mpaka tatu." Chini yake andika kinachouma. Kila mjumbe alisema ucheleweshaji.

Tukafungua mafaili kuona siku zinapotelea wapi. Kamati ilikuwa inachukua siku moja. Siku nyingine zote zilikuwa za kumtafuta mdhamini aje asaini: mdhamini yuko shamba, yuko msibani, simu haina chaji. Sasa mashine inayoamua kwa sekunde nane itamfuata mdhamini shambani? Haitamfuata. Tulikuwa tunataka kununua dawa ya ugonjwa tusiokuwa nao.

Kwa hiyo kabla ya hatua ya pili andika pia njia ya bei rahisi: jedwali la kompyuta, fomu fupi zaidi, siku mbili za kusaini badala ya moja. Njia hiyo itakaa pembeni mpaka mwisho, na kila faida utakayoahidiwa utailinganisha nayo. Tathmini nyingi hulinganisha mashine na kukaa bure, na ikiwa hivyo mashine lazima ishinde.

2. Orodhesha watu, hasa wasiokuwepo kikaoni

Mwombaji na afisa mikopo utawakumbuka bila kusaidiwa. Wanaosahaulika ni mdhamini; mke ambaye biashara ni yake lakini laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mume; na watu ambao majina yao yamo kwenye simu ya mwombaji. Hao wa mwisho usiwadharau. Tanzania tumeshaona mikopo ya mtandaoni ikitumia orodha ya majina kwenye simu kuwatumia ndugu, mabosi na mashemeji ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. SACCOS ilianzishwa ili watu waepuke kausha damu, yaani wakopeshaji wa riba ya kunyonya, kwa hiyo ni aibu kama itaingiza tabia zile zile kwa mlango wa nyuma.

Wapo na walio mbali zaidi. Mashine hizi hufundishwa na watu wanaokaa kutwa wakipanga na kuchuja maandishi na picha. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichuja maandishi ya ukatili na unyanyasaji kwa ajili ya OpenAI, kampuni ya ChatGPT, walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. SACCOS ya wilayani haiwezi kurekebisha hilo peke yake, lakini inaweza kumuuliza muuzaji kwa barua nani aliiandaa data na kwa malipo gani. Akishindwa kujibu, andika kwamba ameshindwa kujibu.

3. Fuata taarifa kutoka chanzo hadi mwisho

Mwambie muuzaji akuorodheshee kila taarifa programu inayochukua, halafu mbele ya kila moja andika inathibitisha nini. Miamala ya simu, sawa. Marejesho ya nyuma, sawa kabisa. Orodha ya majina kwenye simu? Mahali ulipo saa sita usiku? Aina ya simu? Usiposhawishika, piga mstari, na umwambie mstari huo ni sharti la mkataba.

Angalia sana vipimo mbadala. Mashine haiwezi kuona uaminifu, kwa hiyo hupima kitu kingine kinachofanana nao. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyotumika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ilipima gharama za matibabu badala ya ugonjwa. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo hata wanapoumwa sawa na weupe, mashine iliwaona wazima. Hakuna aliyeandika "wabague". Kipimo kilichaguliwa vibaya, basi. Kwetu kipimo mbadala kilikuwa salio la wastani la simu kwa siku 90, na hapo ndipo Februari ya mzee wetu ilipokuwa imejificha.

Sheria inakupa pa kushika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili, kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti, na mtu ana haki zake pale uamuzi juu yake unapofanywa na mashine peke yake. Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai tathmini ya athari ifanyike kabla ya kazi zenye hatari kubwa. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma Namba, vitambulisho vipya vya taifa, ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini hiyo haikutangulia, na Mei 2025 mahakama hiyo hiyo ikaamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute taarifa za mboni za macho ilizozikusanya kwa Wakenya. Mjumbe wa bodi akikuambia tathmini ni urasimu, msomee mifano hiyo miwili. Kwetu kikao kilitulia.

4. Ipitishe mashine kwenye mafaili ya zamani

Hapa ndipo penye kazi. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Muuzaji atakuja na neno "usahihi". Wa kwetu alisema asilimia 90. Fanya hesabu hii ubaoni wajumbe waione: SACCOS yenye mikopo 1,000, na 900 ililipwa vizuri. Nikichukua mtoto wa darasa la kwanza nikamfundisha kusema "apewe" kila anapoulizwa, atapatia mara 900 kati ya 1,000. Naye ana usahihi wa asilimia 90. Namba hiyo peke yake ni mbuzi kwenye gunia.

Unachotaka kujua ni makosa mawili tofauti: kumnyima mtu ambaye angelipa, na kumpa ambaye asingelipa. Kosa la pili linaonekana, linaumiza mfuko wa chama. La kwanza halionekani kabisa. Mtu anageuka na kwenda zake, anaingia mikononi mwa kausha damu, na hakuna ripoti itakayomtaja.

Fanya hivi. Toa kabatini mafaili ya mikopo iliyokwisha, ambayo mwisho wake mnaujua. Yafute majina na namba za simu, yape namba za siri mnazozijua ninyi tu. Yagawe kwa makundi yanayolingana na maisha ya wanachama wenu. Sisi tuligawa kwa mwenye mshahara na mwenye kipato cha msimu, mwanamke na mwanamume, laini yake mwenyewe na laini ya mtu mwingine. Wape wauzaji taarifa za mwanzo tu, zile zilizokuwepo siku ya kuomba, na muwaambie warudishe majibu. Msiwape matokeo. Atakayeyaona matokeo kwanza anaweza kuirekebisha mashine ifaulu mtihani wenu na ifeli kazini.

Majibu yakirudi, hesabu kundi kwa kundi. Tuseme mna watu 50 wa mshahara na 50 wa msimu, wote walilipa. Mashine imewanyima 3 wa mshahara na 21 wa msimu. Hiyo ni asilimia 6 kwa 42. Kwa idadi ndogo kama hiyo tofauti ya mtu mmoja au wawili isikutie hofu, lakini pengo la namna hii halitokani na bahati. Sasa chukua yale 21, moja moja, ukae na afisa mikopo mkubwa kuliko wote ofisini, yule anayemjua kila mtu kwa jina la mama yake.

Kwetu faili lililotunyamazisha lilikuwa la mama lishe mmoja wa stendi. Mikopo sita, yote imelipwa, miwili kabla ya siku yake. Jekundu. Tukachimba. Fedha zake zote zinapita kwenye laini ya kijana wake, kwa sababu siku ya kusajili laini yeye hakuwa na NIDA. Kwenye laini aliyoisajili baadaye kwa jina lake kulikuwa na vocha za mia tano na ujumbe wa kwaya. Mashine ilisema kweli juu ya laini ile. Juu ya mama yule haikujua lolote.

Wakulima ndio walioshindwa wengi. Bonde hili linapata fedha mpunga ukivunwa, kuanzia Mei na kuendelea. Januari mpaka Aprili mtu ana matope magotini na simu kavu. Modeli, yaani ile sehemu ya programu inayoamua, iliyofundishwa kwa watu wa mjini wanaopokea kila mwisho wa mwezi inaiona miezi ile kama mtu aliyefilisika. Tulipomwandikia muuzaji, alijibu kwamba modeli yao ilijengwa kwa data za miji mikubwa. Namheshimu kwa kusema ukweli, ingawa alipaswa kuusema siku ya duara la kijani.

Angalizo moja ambalo wengi huliruka. Mafaili yenu yana watu mliowapa mkopo tu. Wale ambao kamati yenu iliwanyima kwa upendeleo wake, nayo kamati ina upendeleo wake tusidanganyane, hawana matokeo yoyote kabatini. Mashine ikijifunza kwenu itarithi ukali wenu. Soma mihutasari ya miaka miwili mitatu, uone mliwanyima akina nani.

Makosa ya namna hii si ya vijijini peke yake. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu zilizokuwa sokoni za kutambua jinsia ya mtu kwa sura yake, wakakuta kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8 na kwa wanawake weusi likafika asilimia 34.7. Waliligundua kwa sababu waligawa kwa makundi. Wastani ulikuwa unapendeza. Uholanzi nako mamlaka ya kodi iliwatuhumu kwa wizi maelfu ya wazazi waliokuwa wakipata posho ya malezi, ikisaidiwa na mfumo wa kupanga hatari uliotazama hata uraia wa mtu. Familia zilifilisika, na Januari 2021 serikali ya Mark Rutte ikajiuzulu.

5. Kitahini Kiswahili chake

Programu nyingi sasa zinakuja na "msaidizi" wa kuchati na wanachama. Muuzaji ataonyesha anavyosalimia kwa ufasaha. Salamu si mtihani.

Anza na saa. Muandikie: "Rejesho langu mwisho ni kesho saa mbili asubuhi, nikumbushe saa moja kabla." Kisha uangalie ukumbusho umewekwa lini. Wa kwanza tuliyemjaribu aliweka saa saba usiku kwa saa zetu, maana yeye alisoma saa mbili kama Mzungu anavyoisoma kwenye ukuta wake. Ukumbusho ukija mtu amelala, kwa SACCOS hiyo ni faini ya kuchelewa. Kwa zahanati inayomwambia mgonjwa ameze dawa saa mbili usiku, ni jambo jingine kabisa.

Halafu andika kama watu wanavyoandika: "mkp wng umefkia wp", "nmelipa bt haijasoma", "mdhamini kafariki nifanyeje". Hilo la mwisho litakuonyesha mengi. Wetu alijibu kwa furaha kwamba ataweza kubadilisha mdhamini kwa hatua tatu rahisi, na alama ya tabasamu mwishoni. Pole haikuwepo.

Jaribu kumpotosha pia. Muulize riba ya mkopo msiokuwa nao, uone kama atasema hajui au atakutungia. Muulize salio la mwanachama mwingine. Mfasirishe "yeye ni daktari" na "yeye ni muuguzi" kwenda Kiingereza, utazame nani kafanywa mwanamume na nani mwanamke, wakati Kiswahili hakikusema. Maswali 40 yanatosha, yaliyotungwa na wanachama wenyewe, wazee wakiwemo. Kila jibu liandikwe: sahihi, kosa lisilo na madhara, kosa lenye madhara. Kosa moja lenye madhara lina uzito kuliko majibu 30 mazuri.

Kuna na jambo la gharama. Mashine hizi hukata maneno vipande vipande, viitwavyo tokeni (si zile za umeme wa LUKU), na mnunuzi hulipa kwa kipande. Kwa kuwa nyingi zilifundishwa zaidi kwa Kiingereza, neno letu kama "hawakunielewa" huvunjwa vipande kadhaa ambapo Kiingereza kingetumia vichache. Maana ile ile, bei kubwa, na umeme zaidi. Omba bei ya mazungumzo kamili ya Kiswahili, usikubali bei ya mfano wa Kiingereza.

6. Mazingira: piga hesabu ya ukubwa wako

Hapa watu hukosea kwa pande mbili. Wapo wasemao swali moja kwa akili mnemba linakausha kisima, na wapo wasemao programu haina moshi kwa hiyo haina athari. Leta kikokotoo.

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba swali la kawaida la maandishi kwa Gemini, msaidizi wake wa kuchati, linatumia wati-saa 0.24 za umeme, mililita 0.26 za maji na kutoa gramu 0.03 za hewa ukaa. Chukua wanachama wanaouliza maswali 1,000 kwa siku. Umeme ni wati-saa 240 kwa siku, yaani kama uniti 88 za LUKU kwa mwaka mzima (uniti moja ni wati-saa 1,000). Nyumba ya daraja la D1, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, inaweza kuzimaliza ndani ya wiki tano. Maji ni kama lita 95 kwa mwaka, madumu matano ya lita 20 na hayajai.

Usiziamini namba hizo moja kwa moja. Zimetolewa na kampuni yenyewe, ni za swali la maandishi lenye matumizi ya katikati, maji yanayotumika kwenye mitambo ya kuzalisha umeme hayamo, na hewa ukaa imepunguzwa kwa kuhesabu umeme safi ambao kampuni inanunua. Picha, video na majibu yanayohitaji mashine "kufikiri" kwa muda mrefu hula zaidi sana. Zidisha kwa kumi uwe salama. Bado ni uniti 880 kwa mwaka. Na ile programu ya kutoa alama za mkopo kwa kawaida ni modeli ndogo ambayo hata kompyuta ya ofisi inaiendesha. Mzigo uko kwa msaidizi wa kuchati.

Basi athari ya mazingira haipo? Ipo, ila kwetu ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyetazama. Programu ile ilihitaji simu janja ya toleo jipya kiasi. Wengi wa wanachama wetu wana vitochi, simu ndogo za vitufe. Makadirio ya watengenezaji wenyewe huonyesha kwamba kutengeneza simu janja moja hutoa makumi ya kilo za hewa ukaa. Zile uniti 88, hata ukiweka nusu kilo kwa kila uniti, ni kilo 44. Yaani kumlazimisha mwanachama mmoja au wawili kununua simu kunaweza kuuzidi umeme wa mazungumzo ya chama kizima kwa mwaka. Zidisha kwa mamia. Halafu fikiria vile vya zamani vinakwenda wapi: dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizorejelezwa kwa utaratibu unaoeleweka hazikufika robo. Za kwetu huishia kwenye shimo nyuma ya nyumba, betri na vyote. Kobalti iliyomo ndani ya betri hizo sehemu kubwa hutoka Kongo, na majirani zetu wa Katanga wanajua inavyochimbwa.

Kwa hiyo sharti letu la kwanza la mazingira likawa hili: huduma yote ipatikane kwa kitochi, kwa menyu ya nyota na reli, au dirishani.

Baada ya hapo uliza vitu vitatu kwa maandishi. Seva, zile kompyuta zinazoendesha mashine, ziko wapi, na umeme wa huko unatoka kwenye nini? Modeli ni kubwa kiasi gani, na je, ndogo zaidi ingefaa? Mtapewa takwimu za matumizi kila robo mwaka? Swali la mahali lina maana sana. Kenya, sehemu kubwa ya umeme hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa kina Olkaria, maji, upepo na jua, na ndiyo sababu Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya Abu Dhabi, walitangaza mpango wa kituo cha data (jengo la seva) huko Olkaria wenye uwekezaji wa dola bilioni 1. Sisi maji ya Mto Kilombero yanakwenda Rufiji kuzungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Lakini kama seva iko nchi inayochoma makaa, bwawa letu halihusiki.

Hesabu ndogo isikufanye uone tatizo zima ni dogo. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria vituo vya data vilitumia terawati-saa 415 mwaka 2024 (kila moja ni uniti bilioni moja), asilimia 1.5 ya umeme wa dunia, na kwamba vitafika 945 hivi ifikapo 2030. Ireland vilikula asilimia 21 ya umeme uliopimwa mwaka 2023. Ukiwa halmashauri inayoombwa kiwanja cha kituo cha data, tathmini yako ni nyingine kabisa: chanzo cha maji, kina cha visima vya jirani, jenereta za dharura, laini ya umeme itakayokatwa kwanza mgao ukija. Hapo kaa na watu wa bonde la maji, usikae na muuza programu.

7. Kazi za watu

Muulize afisa mikopo mwenyewe, faragha, bosi akiwa hayupo. Wa kwetu hakuogopa kufukuzwa. Aliogopa kubaki dirishani akitetea uamuzi asioujua. "Mama akiniuliza kwa nini, nitamjibu nini, duara?"

8. Pa kulalamikia

Kabla ya siku ya kwanza ya matumizi yawepo haya: anayenyimwa apewe sababu kwa Kiswahili anachokielewa, kwa karatasi au ujumbe, awepo mtu mwenye jina na cheo anayeweza kutengua jibu la mashine bila kuomba ruhusa kwa muuzaji, na muda wa kujibu rufaa usizidi siku saba. "Alama zako hazikutosha" hiyo si sababu. "Hatukuona mapato kwenye laini hii kwa miezi mitatu, una laini nyingine au risiti za mauzo?" Hiyo ni sababu, kwa kuwa mtu anaweza kuijibu.

Hesabu pia mara ambazo binadamu ametengua. Ikiwa miezi sita hakuna hata moja, ama mashine ni malaika ama mtu wenu anagonga mhuri tu.

9. Karatasi ya bodi na mkataba

Bodi haitasoma kurasa 40. Wape moja. Juu kabisa weka ule uamuzi wa hatua ya kwanza, kisha nani anafaidika, nani anaumia na kwa kiasi gani mlichokipima, njia ya bei rahisi inasemaje, na pendekezo: chukua, kataa, au chukua kwa masharti. Yale ambayo muuzaji hakujibu yaorodheshwe kwa tarehe ya barua.

Kwenye mkataba msikose haya: data ni ya chama na itafutwa mkiachana, hakuna kuitumia kufundishia mashine za wengine bila idhini, modeli ikibadilishwa mtaambiwa kabla, na jaribio la mafaili litarudiwa, mnaweza kuizima siku hiyo hiyo bila faini. Kipengele cha kuizima kilitugombanisha wiki mbili. Weka tarehe ya kupima tena kwenye kalenda ya ukutani, na isiwe msimu wa mavuno tu. Sisi tumeweka Februari.

Mwishowe tulichukua nusu. Mashine inapanga foleni ya maombi na kukumbusha marejesho, kwa saa za Kiswahili baada ya ugomvi kidogo. Kuamua tumebaki nako, na kusaini wadhamini sasa ni siku tatu kwa wiki, Jumamosi ikiwemo, siku ya soko. Daftari la malalamiko limefungwa kwa kamba kwenye dirisha la kwanza, kalamu nayo imefungwa. Aliyeandika wa kwanza ni yule mama lishe wa stendi. Ameandika kwamba kalamu haina wino.